Mng'oa-Magego na Trekta la Mlima Lom

Nyamazeni, enyi mlioketi karibu na jiko! Wewe mwenye kijiko, kiweke chini. Nawe uliyeshika simu, ilaze kifudifudi, maana habari inayokuja haisikilizwi kwa sikio moja. Zipo tarikhi za wafalme waliovuka mito na majeshi yao, zipo za masultani waliohusuru miji hata mawe yakaomba maji. Hizo ziacheni zipumzike. Hii ni tarikhi ya Ferdo Zalokar, daktari wa meno wa kijiji cha Podlom, Mng'oa-Magego, Simba wa Kiti Kinacholala, Mwenye Taa Usoni, ambaye katika mwaka ule upepo ulipoangusha misonobari ya mlima Lom aliondoka kwenda kuchagua trekta dogo, na trekta likamchagua yeye. Mkitaka kucheka chekeni. Yeye mwenyewe hucheka kila anaposimulia, ila huomba asianze mwingine kabla yake.

Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ukoo ulikuwa umetoka makaburini kuwasha mishumaa, pua nyekundu, vidole baridi, na wote wakajipanga jikoni kwa Mama Neža, mjane aliyeishi peke yake juu kabisa ya Lom na kuku wake, paka wake, na msitu wake. Kwenda kwake njia ni moja tu: hutoka Podlom, hukata msituni, hupita katikati ya kichanja kikubwa cha kukaushia nyasi, chenye paa na nguzo pande zote mbili, ndipo hufika mlangoni. Na hapo mezani, kati ya supu ya kabichi chachu na mkate wa jozi, Stojan, mtoto wake wa kiume aliyekuja kutoka jiji la Ljubljana, akaweka kijiko chini kwa namna ambayo kila mtu alijua ana neno.

"Mama," alisema, "mwaka jana theluji ilikufungia humu wiki nzima. Simu haishiki, kuni zimekwisha. Mimi kule silali, nakuona umeanguka kwenye ngazi. Sirudii tena. Barabara ikifungwa msimu huu, unakuja kukaa kwangu."

"Kwako ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita. Lifti ipo."

"Na kuku wangu nao watabonyeza namba?"

"Mama, sitanii."

Na kweli hakuwa akitania, kwa kuwa sauti yake ilipasuka kidogo mwishoni, na Mama Neža akausikia ule mpasuko, akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwa amezaliwa katika chumba kilicho juu ya jiko lile. Mkono wake ulishika mpini wa kile chuma cha kuchochea moto muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo Ferdo alipoinuka. Hakuna aliyemwomba. Yeye alikuwa mkwe tu, aliyemwoa Jerica, dada yake Stojan, na kazi yake katika vikao vya ukoo ilikuwa kupitisha chumvi. Ila alikuwa amekunywa glasi mbili, na kwa mtu wa umbo dogo kama lake glasi mbili ni jeshi.

"Shemeji!" alinguruma. "Sikia neno la mtu aliyeinamia vinywa vilivyo wazi, akatazama gizani na asirudi nyuma! Njia ya mama haitafungwa. Nitanunua trekta! Litavuta kuni kutoka msituni, mama apate moto. Litasukuma theluji kutoka njiani, mama apate pa kupita. Na wewe Stojan utabaki na lifti yako!"

"Ferdo," alisema Jerica kwa upole, "juzi uligonga pipa la takataka na baiskeli."

"Pipa lilikuwa jeusi!"

Lakini neno lilikuwa limetoka, tena mbele ya mama mkwe. Stojan alimtazama, akatikisa kichwa. "Haya, shemeji. Tutaonana theluji ikianguka."

Basi vita vya mashauri vikaanza. Ewe ulimi, nisaidie kuwahesabu washauri, maana watu wa Podlom wako radhi kukukopesha kila kitu kasoro kunyamaza. Wa trekta la buluu walimvizia kanisani, wa trekta la kijani walimkamata kwa mwoka mikate. Hata kwenye kiti chake mwenyewe hakupata amani: mgonjwa akishasukutua tu, nusu ya uso ikiwa bado imekufa ganzi, alishika mkono wa daktari na kusema, "Chukua la nguvu fa falafi hamfini, Dakitali, ufijute."

Mkuu wa washauri wote alikuwa Cene, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mwenye Kofia Isiyovuliwa, anayemiliki trekta kubwa lililoharibika na maoni yasiyoharibika. "Nguvu, Daktari, nguvu!" alikuwa akisema, akiegemea ua. "Ukienda na kitu kidogo Lom kule, mti mmoja tu utakuburuta wewe." Na kwa kweli ushauri wa Cene ulikuwa na kiu ndani yake. Katika bonde letu anayenunua kitu kikubwa hunywesha muuzaji na mashahidi, na kinywaji hicho huitwa likof. Ikishapita kooni, biashara imefungwa. Sahihi inaweza kubishaniwa, likof haibishaniwi. Cene alikuwa shahidi wa kila likof kijijini tangu apate ndevu, na msimu huo ulikuwa mkavu.

Siku ya Mtakatifu Martini, ambapo maji ya zabibu hubarikiwa yakawa divai na hata waganga huacha kukataza watu kunywa, lori la Rudi Pečnik, mfanyabiashara wa matrekta, lilipanda Lom likikoroma, likasimama mbele ya kichanja. Juu yake lilikaa trekta jekundu, jipya, lenye kibanda cha vioo. Nyuma ya lile jekundu, kama mtumwa nyuma ya mfalme, kilifungwa kwa kamba kitu kingine kidogo, cha rangi ya supu ya boga, ambacho hakuna aliyekiuliza jina.

Rudi alikuwa na sauti ya mtu anayeuza hata akisalimia. "Daktari! Panda! Usiliulize kitu, wewe kaa tu!"

Ferdo akapanda. Loo, mngemwona! Kiti kilipumua chini yake kikamshusha taratibu. Joto lilimpuliza vifundoni. Redio ilikuwa ikipiga kodiani. Shujaa wetu, ambaye miaka yote amesimama wima akiwalaza wengine, kwa mara ya kwanza alilazwa yeye, na macho yake yakajaa maji ya mapenzi.

"Linavuta?" aliuliza, kwa sababu alidhani ni lazima aulize kitu.

"Litang'oa kanisa," alisema Rudi.

"Na kwenye kichanja linapita?" Cene akadakia kutoka chini. Naam, hilo lilikuwa swali la kiume, na umati uliokwisha kusanyika ukaitikia. Kichanja hakina huruma: nguzo za mwaloni upande huu, nguzo za mwaloni upande ule, na asiyepita hapo hafiki kwa Mama Neža mpaka apate mabawa.

Rudi alishika usukani mwenyewe, Ferdo amejibana pembeni. Jekundu likasogea. Lilipita! Kiganja cha mkono kushoto, kiganja cha mkono kulia, lakini lilipita, likatoka upande wa pili linang'aa kama bwana harusi. Watu walipiga kelele, Cene alirusha kofia, kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kabla ya siku hiyo, na Mama Neža akatoka na sinia la glasi ndogo na ile pombe yake kali ya mapeasi. Akamimina. Wakanywa. Ferdo naye akapokea yake kupitia dirishani, akaimeza, akakohoa kishujaa.

Rudi aligonga glasi tupu kwenye bati la gurudumu la trekta. "Likof!" alisema. "Mungu alibariki, Daktari. Ni lako."

Furaha ilimpanda Ferdo mpaka kwenye masikio. Alitazama mbele kupitia kioo, akajiona tayari anailima theluji kama mfalme anayegawa bahari. Kisha akatazama pua ya trekta, pale theluji ingepaswa kulimwa, akaona hakuna kitu.

"Rudi, koleo la theluji liko wapi?"

"Dukani. Nitakuletea, usijali."

"Lina upana gani?"

Rudi alitanua mikono. Akafikiri, akaitanua zaidi. "Lazima lizidi magurudumu, Daktari. Ama sivyo utakuwa unaikanyaga theluji, huisukumi."

Watu wazima wote wa Podlom, wanaojua uzito wa gogo kwa kulitazama, waligeuka kuzitazama zile nguzo, na vile viganja viwili vya nafasi, na pua tupu ya lile trekta.

"Jamani," alisema Ferdo polepole, "tumepima mpini wa mswaki, nywele zake tumesahau." Akajipiga paji la uso. "Na mimi ndiye wa kwanza! Mtu mzima, kazi yangu ni mapengo, nimeshindwa kuona pengo la nguzo mbili!"

"Si ukate nguzo moja," alisema Cene.

Kichanja kile kilijengwa na baba yake Mama Neža. Mama Neža alimgeukia Cene bila kuinua sauti. "Kata, mwanangu. Ila uanze na mguu wako."

"Mimi hayo siyajui," Rudi alisema, sauti ya kuuza ikiwa imemtoka kabisa. "Likof imenyweka. Mashahidi hawa hapa."

"Ile haikuwa likof!" Ferdo alilia, akishuka kwa shida kutoka kwenye kile kiti. "Leo ni Martini! Kila mtu hunyweshwa! Ile ilikuwa glasi ya mtakatifu!"

Ndipo ukazuka ubishi ambao wazee wetu hawakuacha mwongozo juu yake: glasi ikinywewa siku ya Martini, mbele ya trekta, ni ya Martini au ni ya trekta? Kambi mbili zikagawanyika papo hapo. Cene, ambaye alikuwa shahidi na alitamani glasi ya pili, alisema huenda wanywe tena ili ijulikane. Sauti zilipanda, kuku wakakimbilia bandani, mpaka Mama Neža alipogonga sinia kwa kijiko.

"Martini anabariki nini?" aliuliza.

"Zabibu," walijibu.

"Mmekunywa nini?"

"Peasi."

"Basi Martini hahusiki. Ile ilikuwa likof."

Ferdo aliketi juu ya jiwe, kichwa mikononi. Rudi akafungua mdomo kushukuru.

"Subiri, kijana. Na wewe mkwe wangu, inua kichwa. Likof anatoa nani?"

"Mnunuzi, mama."

"Pombe ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Mti wa mapeasi?"

"Wako, mama."

"Aliyemimina?"

Ferdo aliinua kichwa. Jua, lililokuwa na haya mchana kutwa, lilichungulia. "Wewe, mama!"

"Basi mnunuzi ni mimi. Na mimi sijachagua bado." Akalipita lile jekundu kama anavyopitwa mgeni mwenye maneno mengi, akasimama mbele ya kile kitu cha rangi ya boga. Kilikuwa kimekatika kiunoni na kuunganishwa kwa bawaba, kikikunja kona kama funza. Kibanda hakikuwepo. Kiti kilikuwa kimeshonewa gunia.

"Hili nini?"

"Mama, hilo limetoka kwenye shamba la mizabibu," Rudi alinong'ona. "Nilikuwa nalipeleka kwenye vyuma chakavu."

"Lina koleo?"

"Lipo, limefungwa nyuma. Jembamba."

"Lifunge mbele ulipitishe."

Likafungwa, likapita, koleo na vyote, na pembeni palibaki nafasi ya mtu kusimama na kuvuta sigara. Rudi alitazama mashahidi. Mashahidi walitazama glasi zao. Wote walikuwa wamemeza ushahidi.

"Nimelichukua," alisema Mama Neža. "Atalipa mkwe wangu. Desturi haisemi kitu kuhusu mfuko wa nani."

Hivyo ndivyo mashine ile ilivyoingia katika ukoo, na siku hiyo hiyo ikapewa jina Mbuzi, kwa kuwa ilipanda popote, haikumsikiliza mtu, na ilinuka.

Sitaeleza kwa urefu vita vya msituni, ingawa vinastahili. Niseme tu kwamba misonobari iliyoangushwa na upepo ililala kama meno yaliyooza ubavuni mwa Lom, na Mng'oa-Magego akaiendea kwa winchi ya kuvutia magogo na mnyororo. Gogo la kwanza lilimshinda: Mbuzi alinyanyua pua juu, akasimama kwa miguu ya nyuma, na shujaa akashuka kwa njia ambayo si ya kushukia. Cene, aliyekuja kusaidia kwa kutazama, alimwuliza kama amelichoma gogo sindano ya ganzi. "Limekataa kufungua mdomo," Ferdo alijibu kutoka chini. Lakini mtu aliyezoea mizizi hujua kutikisa kwanza, kushoto kidogo, kulia kidogo, ndipo avute. Kabla Novemba haijatoka, kuni za Mama Neža zilipangwa hadi chini ya dirisha, na mgongo wa Ferdo ukajulikana kwa jina katika duka la dawa.

Kisha theluji ikaanguka. Ilianguka siku nzima na usiku wake, nzito, yenye maji, ile inayovunja matawi. Jioni Stojan alipiga simu kwa Ferdo.

"Nakuja kesho asubuhi kumchukua mama. Msibishane na mimi. Nikikuta njia imefungwa nitapanda kwa miguu."

Kulipokucha Ferdo alikuwa tayari juu ya gunia lake, amevaa kila alichonacho, pamoja na skafu ya Jerica yenye maua. Ewe Lom, ulimwona! Mbuzi akakohoa moshi, koleo likashuka, na jeshi jeupe lisilo na idadi likaanza kurudi nyuma. Theluji ilimpiga usoni, akaitema. Ilimjaa shingoni, akaikalia. Ndevu zake ziligeuka vyuma. Mara mbili Mbuzi aliteleza hadi ukingoni, mara mbili shujaa alimwita Mungu na fundi kwa pamoja. Kwenye kichanja, rundo lililomwagika kutoka paani lilikuwa limeziba lango, refu kama mtu. Alilirudia na kulirudia, akilitikisa kushoto, akilitikisa kulia, mpaka likang'oka zima zima likaviringika bondeni, naye akapiga kelele ya ushindi ambayo paka wa Mama Neža aliisikia.

Akageuka nyuma kuitazama kazi yake. Njia ilinyooka, nyeusi, safi. Na juu ya njia hiyo, nyuma yake, gari la Stojan lilikuwa likija taratibu, limewasha taa, limemfuata tangu chini bila hata kuteleza.

Baridi iliyompata hapo haikuwa ya theluji. Alielewa alichokifanya. Asubuhi nzima alikuwa akimtandikia zulia adui yake. Bila yeye, Stojan angekuwa bado bondeni na viatu vyake vya mjini. Alifikiri kuzima injini pale pale, kati ya nguzo, awe kizibo. Lakini kuna mtu juu alikuwa anasubiri njia, na neno alilotoa lilikuwa la njia, halikusema nani apite. Akaenda mbele. Akasafisha uani mpaka kizingitini, gari likaingia likasimama.

Stojan alishuka. "Mama, fungasha."

Mama Neža alikuwa mlangoni, amejifunga aproni. Alilitazama lile gari kwa makini, kuanzia taa mpaka matairi.

"Umekuja na nini, mwanangu?"

"Na gari, mama. Si unaliona."

"Limekwama wapi?"

"Halijakwama."

"Ulisukuma?"

"Sikusukuma."

"Basi njia iko wazi," alisema Mama Neža. "Ulisema niondoke ikifungwa. Ingia ule."

Stojan akatazama njia aliyopanda, akatazama matairi yake yasiyo na theluji, akamtazama mtu wa barafu aliyevaa skafu ya maua juu ya mashine inayotetemeka. Bega lake lilishuka polepole, kama la mtu aliyetua mzigo aliodhani ni wa lazima.

"Na ikianguka tena, shemeji?"

Ferdo alitaka kutoa hotuba. Alikuwa nayo, ndefu, ameitunga tangu kichanjani. Lakini midomo ilikuwa imeganda, na kilichotoka ni "Taku... takuja."

Stojan akagusa bawaba ya kiuno cha Mbuzi kwa ncha ya kidole. "Hiki kinakunjaje kona?"

"Vua kwanza hivyo viatu," alisema Mama Neža, "usije ukaaibisha ukoo."

Basi na iandikwe, enyi wachoraji ramani mlioisahau njia hii kwa kuwa ni fupi mno, enyi waandishi wa habari ambao hamkuja: kwamba katika asubuhi moja mlima Lom ulifunguliwa kutoka chini mpaka juu, na ngome ya Mama Neža haikutekwa, na kuku wake hawakupanda lifti. Falme zimesifiwa kwa machache kuliko hayo. Mezani, miguu ndani ya beseni la maji moto, supu mkononi, Mng'oa-Magego hatimaye alipata midomo yake, akainuka nusu, akainua kijiko.

"Mama! Shemeji! Leo mikono hii imeandika historia!"

Mama Neža alikuwa dirishani, amefuta ukungu wa kioo kwa kiwiko.

"Basi kunywa supu haraka, mkwe wangu," alisema. "Njia inafunikwa tena."